Mstari niliofuta: Nerevar alikufaje?

Haya wasomaji wangu, leo hakuna somo la Python wala maonyo kuhusu virusi. Leo naungama kosa la hifadhidata nililolifanya mwaka 2005, nikaja kulirekebisha 2019. Wale mnaodhani gemu ni za watoto, vumilieni kidogo. Kuna funzo la kazi ndani yake, na kuna jambo lingine ambalo si la kazi.

Gemu yenyewe ni Morrowind, iliyotolewa na kampuni ya Bethesda mwaka 2002. Ni ya tatu katika mfululizo mkuu wa The Elder Scrolls, baada ya Arena (1994) na Daggerfall (1996), na baadaye zikaja Oblivion (2006) na Skyrim (2011). Zote zinatokea katika bara moja la kubuni liitwalo Tamriel. Kilichonivutia mimi hakikuwa mapanga. Zilikuwa rafu za vitabu. Ndani ya gemu ile kuna mamia ya vitabu unavyoweza kuvifungua na kuvisoma: historia, wasifu wa wafalme, hotuba za dini, riwaya, hata porojo za mitaani. Hakuna sauti ya msimulizi inayokuambia ukweli ni upi. Kila kitabu kina mwandishi wake ndani ya ulimwengu ule, na kila mwandishi ana bwana anayemtumikia.

Nyumbani tulikuwa na tarakilishi moja, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulicheza kwa zamu. Mimi nilikuwa na miaka 19, nimeanza chuo, nimejifunza hifadhidata kwa muhula mmoja tu na tayari najiona fundi. Yeye alikuwa na miaka 14 na daftari la shule la mistari. Tulikubaliana kwamba tutaunda ratiba ya maisha ya kila mhusika mkubwa: alizaliwa lini, alitawala lini, alikufa lini na kwa sababu gani. Yeye aandike daftarini, mimi niingize kwenye jedwali.

Tatizo la kwanza lilikuwa kalenda, na hilo lilikuwa tamu. Historia ya Tamriel imegawanywa katika zama. Zama ya Kwanza ina miaka 2920, ya Pili 896, ya Tatu 433. Kabla ya hapo kuna zama ambayo miaka yake huhesabiwa kurudi nyuma, kama sisi tunavyohesabu miaka ya kabla ya Kristo. Ukitaka tarakilishi ipange matukio yote kwenye mstari mmoja, lazima ugeuze kila mwaka kuwa namba moja isiyojali zama. Mwaka wa 427 wa Zama ya Tatu, ambapo Morrowind inaanza, unakuwa 2920 + 896 + 427, yaani 4243. Mwaka wa 201 wa Zama ya Nne, ambapo Skyrim inaanza, unakuwa 4450. Zama ya kale unaipa alama ya kutoa. Kazi ya dakika kumi, na nilijivunia kama niliyejenga daraja.

Tatizo la pili lilikuwa Nerevar.

Nerevar alikuwa jemadari wa watu wa Morrowind wa kale. Katika mwaka wa 700 wa Zama ya Kwanza kulikuwa na vita vikubwa kwenye Mlima Mwekundu, na baada ya vita hivyo Nerevar akafa. Washauri wake watatu, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, baadaye wakawa miungu na kutawala nchi kwa maelfu ya miaka. Sasa wewe mchezaji, miaka 3543 baada ya vita vile, unaambiwa huenda ndiwe Nerevar aliyezaliwa upya. Kwa hiyo swali la kifo chake si la kupitisha wakati. Unakuja kusimama mbele ya Vivec, naye huenda ni muuaji wako.

Vitabu havikubaliani. Katika kimoja Vivec mwenyewe anamjibu kasisi aliyethubutu kumhoji: Nerevar alirudi kutoka mlimani akiwa na majeraha mabaya, akawaapisha wenzake wasitumie vyombo vya uchawi vilivyokutwa kule, kisha akafa. Kosa lao, anasema Vivec, lilikuwa kuvunja kiapo baadaye. Kitabu kingine, ambacho Hekalu linakificha wasomaji wa kawaida wasikione, kina masimulizi ya wahamaji wa nyika za majivu. Wao waliyapokea kwa Alandro Sul, aliyekuwa mwandani wa Nerevar. Yeye alisema wale watatu walimuua bwana wao kwa sumu wakati wa ibada, sumu ya mishumaa, ya mavazi na ya maneno ya dua.

Mdogo wangu aliingiza mstari wake kwanza, wakati wa likizo, nikiwa chuoni: Nerevar, kifo, 700, aliuawa na watatu. Niliporudi nikajaribu kuingiza wangu: Nerevar, kifo, 700, majeraha ya vita. Jedwali likakataa. Nilikuwa nimelipa kanuni kwamba mhusika mmoja ana kifo kimoja, jambo ambalo linaonekana la akili sana mpaka ukutane na historia.

Tukabishana. Mimi nilisema Vivec alikuwepo na bado yuko hai, unaweza kumtembelea ukamuuliza. Wahamaji wamesikia kwa mtu aliyesikia. Yeye akasema, "Lakini kaka, huyo ndiye anayeshtakiwa." Nikamwambia hifadhidata haina nafasi ya porojo. Nikafuta mstari wake, nikaweka wangu, nikahifadhi.

Hakununa. Ingekuwa heri angenuna. Alichofanya ni kuacha kuniletea daftari. Aliendelea kucheza zamu zake, akaendelea kuandika, ila hakunionyesha tena. Na sitadanganya kwamba ni gemu peke yake. Mtoto wa miaka 14 akishajua kwamba maneno yake yanafutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, anapunguza maneno. Miaka iliyofuata nilipata habari zake nyingi kupitia kwa mama.

Mimi niliendelea na jedwali langu peke yangu, kwa kusuasua, kama mnavyojua miradi ya aina hii. Aliyelivunja hasa ni malkia Barenziah. Huyu alizaliwa mwishoni mwa Zama ya Pili, na alikuwa na umri wa miaka mitano Tiber Septim alipodai nchi yake imtii. Yuko katika Daggerfall akiwa malkia wa Wayrest, na katika nyongeza ya Morrowind iitwayo Tribunal unamkuta Mournhold akiwa mama wa mfalme, na zaidi ya miaka 430 mwilini. Watu wa jamii yake huishi sana. Hata Skyrim inakutuma kutafuta vito 24 vya taji lake.

Barenziah ana wasifu mbili. Ule rasmi umeandikwa na mwandishi wa serikali ya kifalme, na ndani yake kila mtu ni mstaarabu. Ule wa pili unajiita wa kweli, na ndani yake Tiber Septim alimfanya msichana yule hawara, akapata mimba, na mfalme akaamuru mimba hiyo itolewe. Ukiwa na wasifu ule wa kwanza tu, tukio hilo halipo. Halina hata mstari wa kubishania. Mwandishi wa ule wa pili unaweza kumkuta mwenyewe katika Tribunal, mzee anayeitwa Plitinius Mero, akiishi chini ya ulinzi wa Barenziah.

Nikaanza kuona kasoro yangu ilikuwa wapi. Nilikuwa nimeunda jedwali la matukio, kumbe sikuwa na tukio hata moja mkononi. Nilikuwa na kauli za watu kuhusu matukio. Na mwamba ngoma huvutia kwake.

Waundaji wa gemu wenyewe walikumbana na hili. Daggerfall ilikuwa na miisho kadhaa tofauti, kila mmoja ukimpa nguvu mtu mwingine. Mwisho upi ndio wa kweli kwa gemu zilizofuata? Walijibu kwamba yote yalitokea kwa pamoja, katika mwaka wa 417 wa Zama ya Tatu, kwa sababu wakati wenyewe ulivunjika. Tukio la namna hiyo lina jina lake, Kuvunjika kwa Joka, na inasemekana lingine la kale lilidumu miaka 1008. Halafu, katika gemu hiyohiyo ya Morrowind, kuna kitabu cha msomi anayedai kwamba miaka ile 1008 ni kosa la wanahistoria kupanga tarehe. Nilicheka peke yangu usiku. Msomi wa kubuni alikuwa anapekua ratiba ya kubuni akitafuta hitilafu, kama mimi.

Sasa twende 2019. Vivec ameandika hotuba 36, na zote zimetawanywa kama vitabu vidogo ndani ya Morrowind. Ni maandishi magumu, yamejaa mafumbo. Wapenzi wa gemu walikuwa wamegundua zamani kwamba hotuba ya 29 ina orodha ya namba, na kwamba namba hizo ni ufunguo: chukua kila hotuba, hesabu maneno mpaka namba yake, toa neno hilo. Nilikuwa nimelisikia nikalipuuza. Jioni moja nikaandika programu fupi, mistari isiyofika ishirini, nikailisha maandishi yote ya Kiingereza. Yakatoka maneno yanayoungana kuwa ungamo: kwamba hakuzaliwa mungu, kwamba alichagua njia ile kwa hiari yake, kwamba aliiba uungu na kumuua jemadari, na kwamba aliyeandika haya ni Vivec. Ukichukua pia herufi za kwanza za aya za hotuba ya 36, zinaunda maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mauaji maovu.

Shahidi wangu, yule niliyemfutia mtu mstari, alikuwa ameungama ndani ya kitabu kilichokuwa kwenye rafu tangu 2002.

Nikampigia mdogo wangu simu. Yuko Mombasa sasa, ana kazi na familia, na hatukuwa tumezungumza miezi kadhaa isipokuwa salamu za sikukuu. Nikamweleza namba, hotuba, ungamo. Nikamwambia, "Ulikuwa sahihi. Naufuta mstari wangu sasa hivi, narudisha wako."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kaka, usifute."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alisema yote mawili. Kasisi alipomuuliza usoni alikana, kwenye kitabu akaungama kwa siri. Ukifuta la kwanza hutajua kwamba aliwahi kukana. Na utajuaje kwamba hilo ungamo nalo si majivuno? Ni Vivec huyo."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nilitaka kuomba msamaha kwa kurudia kosa lilelile.

Usiku ule tulijenga jedwali jipya tukiwa kwenye simu. Kwa wanaotaka kujaribu, nilitumia SQLite, na muundo ni huu. Kila mstari ni kauli, wala si tukio. Una mhusika, jambo linalodaiwa, mwaka wa mapema kabisa linapoweza kuwa limetokea, mwaka wa mwisho kabisa, jina la kitabu, nani anasema, na safu moja ya lazima: msemaji anafaidika nini akiaminiwa. Mahali pasipo na mwaka tunaweka uhusiano tu, jambo hili kabla ya lile. Programu inafuata uhusiano huo kama mnyororo, na ikikuta mnyororo umerudi ulikoanzia, haifuti chochote. Inatuonyesha vitabu gani viwili haviwezi kuwa kweli kwa pamoja. Nerevar sasa ana vifo vitatu na hakuna anayelalamika. Kazini pia nimeacha kuandika data mpya juu ya ya zamani bila kuhifadhi nani alibadilisha, lini na kwa neno la nani. Imeniokoa zaidi ya mara moja.

Baada ya kumaliza nilimuuliza kama anakumbuka lile daftari. Akasema subiri. Baada ya nusu saa picha zikaanza kuingia kwenye simu yangu. Kurasa zilikuwa za njano na mwandiko ni wa mvulana wa kidato cha kwanza. Karibu na kila tarehe ameandika kwa kalamu nyekundu jina la kitabu, mji na nyumba alipokipata, na neno moja la ziada: HEKALU, au WAHAMAJI, au MFALME. Katika ukurasa wa Nerevar kulikuwa na mistari miwili, wake na wangu. Wangu ulikuwa na maneno mekundu: KAKA ANASEMA.

Sasa kila Jumapili jioni tunaingiza kurasa mbili. Tumefika ya kumi na moja. Na safu ile ya msemaji, kwa mistari yote iliyo yangu, tumeijaza kama alivyoijaza yeye.