Kusini kwa Chiriku

Tulitoka Minneapolis alfajiri, shemeji yangu akiendesha. Tulipoiacha barabara ya Duluth kuelekea kinamasi cha Sax-Zim, kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 28 chini ya sifuri.

"Shemeji, kuna ndege anayeikimbilia baridi hii?" aliniuliza.

Yupo. Chiriku wa utosi mwekundu huzaliana kaskazini ya mbali, kandokando ya Aktiki, na majira ya baridi huishi kwa mbegu za miti ya birchi na alda. Miti hiyo ikizaa vizuri, wengi hubaki hukohuko. Isipozaa, makundi kwa makundi hushuka, na kwao Minnesota iliyoganda ndiyo kusini. Wala hawana njia ya kudumu. Huenda penye mbegu. Mmoja aliyevishwa pete Ubelgiji alipatikana China miaka miwili baadaye.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona, sauti kavu za harakaharaka juu ya mti wa birchi. Kisha darubini ikawaleta: videvu vyeusi, tosi nyekundu zinazowaka, na madume wamepakwa waridi kifuani. Wengine walining'inia kichwa chini wakivitikisa vishada, mbegu zikamwagika juu ya theluji, na kundi zima likashuka kuziokota. Walikula kwa pupa, na pupa hiyo ina sababu. Kooni wana kifuko cha akiba: hukijaza upesi, kisha hujificha penye kinga ya upepo na kumalizia mlo wao humo.

Mmoja alikuwa mweupe kuliko wenzake. Zamani angehesabiwa kuwa spishi nyingine, lakini mwaka 2024 wataalamu wa ndege wa Marekani waliwaunganisha wote kuwa spishi moja. Kwa kuwatazama wakigombea tawi lilelile, niliona uamuzi huo ni wa haki.

Shemeji, aliyekuwa amekataa kushuka garini, sasa alisimama kando yangu, kofia imemfunika hadi nyusi.

"Na usiku je?"

Nilimwambia kwamba baadhi yao huchimba vijishimo ndani ya theluji na kulala humo, kwa kuwa theluji huzuia joto lisipotee. Ndege mwenyewe ana uzito wa gramu kumi na kitu tu. Alinyamaza, kisha akaniomba darubini, na hakunirudishia mpaka kundi liliporukia msitu wa misprusi ng'ambo ya barabara.