Ndugu ni wengi, lakini mtoto analala kwa nani?

Mwezi wa pili 2024, vita vilipokaribia Sake, mama mmoja muuza sombe alifunga sufuria na blanketi, akashika barabara ya Goma pamoja na watoto wake wanne. Walipofika kambi ya Bulengo jioni, watoto walikuwa sita. Wawili walimfuata njiani wakishika kitenge chake: kijana wa miaka 11 na dada yake wa miaka 5. Aliwajua. Mama yao alikuwa akiuza pembeni yake sokoni. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki kwa ugonjwa. Mama yao walipotezana naye watu walipoanza kukimbia, na mpaka leo hajaonekana.

Kesho yake aliwapeleka kwa watu wanaoandikisha watoto waliopotezana na wazazi. Wakaandika majina, jina la mama, la baba, na mtaa wa Sake walikotoka. Wakamwambia: kaa nao kwanza, sisi tutatafuta ndugu. Watoto sita wakalala chini ya bashi moja.

Baada ya miezi mitatu akaja baba mdogo wao. Alisalimia vizuri, akaketi, akasema amekuja kumchukua kijana. Kijana peke yake.

"Na huyu mdogo?" mama akauliza.

"Huyo ni mtoto wa kike. Wamama wa upande wa mama yake watamwona."

Mama alikataa. Watu wa bloki wakaanza kusema: huyu si damu yao, anakatalia watoto wa watu kwa nini? Wengine wakasema anataka tu jetoni ya chakula. Alilia usiku ule, lakini asubuhi alienda kwa chefu wa bloki, na chefu akamwita mtumishi wa mambo ya jamii.

Mtumishi huyo hakuuliza nani ni damu. Aliuliza kwa nini mmoja na si wawili. Polepole neno likatoka: kuna parseli ya marehemu kule Sake, na anayemlea kijana ndiye atakayeishika.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kwetu, mtoto wa ndugu ni mtoto wako, na hiyo ni desturi nzuri. Bila hiyo kambi zingejaa watoto wasio na mtu. Lakini sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, haisemi mtoto ni mali ya ukoo. Inasema masilahi ya mtoto yatangulie. Inasema mtoto mwenye kuweza kupambanua mambo asikilizwe. Mtumishi wa mambo ya jamii anaweza kumweka mtoto mahali kwa muda, na tribinali ya watoto ndiyo inayoamua. Nayo sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, wakigawana sawasawa, wa kiume na wa kike. Ile parseli, basi, haikuwa ya kijana peke yake, wala ya baba mdogo.

Wakati huo majina yaliyoandikwa siku ile ya kwanza yalikuwa yanatembea. Yalifika Minova, kwa mama mkubwa wao, aliyekuwa akiwatafuta tangu mwezi wa pili. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, akavuka ziwa kwa boti. Yeye mwenyewe alikuwa anapanga chumba kimoja na watoto watatu. Alisema: "Sina kitu. Lakini nitawachukua wote wawili."

Waliketi wote: baba mdogo, mama mkubwa, mama muuza sombe, chefu na mtumishi. Kijana akaulizwa anataka kwenda wapi. Aliangalia chini muda mrefu. Kisha akasema: "Pale dada atalala, na mimi nitalala pale."

Wakaandika karatasi: watoto wawili wanakwenda kwa mama mkubwa; baba mdogo ana ruhusa ya kuwatembelea; parseli ni ya watoto wote wawili, na mtu asiiuze. Kila mmoja akaweka sahihi au kidole, na mtumishi akaipeleka tribinali. Mama muuza sombe aliuliza neno moja tu: "Na mimi nitajuaje kama wako wazima?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mama mkubwa akaandika namba ya simu yake nyuma ya kipande cha katoni, akampa.

Januari 2025 vita vikafika Minova, kisha Goma. Simu ikakaa kimya. Mwezi wa pili wahami wa Bulengo waliondoka, na mama muuza sombe akarudi Sake. Nyumba yake haikuwa na mabati tena. Akapita kwenye ile parseli: baba mdogo alikuwa amelima maharagwe humo.

Siku simu ilipopatikana, watoto walikuwa wazima. Alimweleza mama mkubwa habari ya maharagwe. Mama mkubwa akapiga picha ya karatasi, akaituma, na chefu wa mtaa akamwonyesha baba mdogo. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema mavuno watagawana.

Ndugu msikilizaji, kama una mtoto asiye wako nyumbani, mwandikishe leo: majina yote ya wazazi, kijiji, mtaa. Akija ndugu kumchukua, mwite chefu na mtumishi wa mambo ya jamii kwanza, hata kama unamjua. Wakiwa watoto wawili, uliza habari ya wote wawili. Na shamba au parseli ikiwepo, iandikwe kwa majina yao.

Nusu ya gunia la maharagwe ilivuka ziwa mwezi wa sita.