Adabu ya Kuhoji Programu Iliyokwama

Watu wakisikia nafanya kazi ya kompyuta hudhani kutwa naandika programu. Kwa kweli sehemu kubwa ya siku nahoji. Programu imegoma, au imetoa jibu la ajabu, nami inanibidi niisimamishe katikati ya safari, niipekue kumbukumbu na nijue kimetokea nini. Chombo changu ni dibaga iitwayo GDB, ambayo Richard Stallman aliianzisha mwaka 1986 katika mradi wa GNU na mpaka leo iko kazini. Imenifunza mengi zaidi kuhusu kuhoji watu kuliko vikao vyote nilivyowahi kukaa.

Siri yake iko mahali ambapo mtumiaji haoni. Ndani ya GDB kuna mpaka. Upande wa juu ndio unaoongea nami: unajua majina ya vigeu, mistari ya msimbo na namna ya kunionyesha mambo. Upande wa chini ndio ulioishika programu yenyewe. Kati ya pande hizo hupita maombi ya aina chache tu: shika mchakato huu, soma kumbukumbu kuanzia anwani hii, andika hapa, nipe rejista, piga hatua moja, endelea, achilia. Upande wa juu haujali nani anajibu. Kwenye Linux atajibu ptrace, mlango wa kerneli ambao asili yake ni Unix ya miaka ya 1970. Kwenye kibao kidogo kisicho na skrini wala kibodi, maombi yaleyale yatapita kwenye waya. Na programu ikiwa imeshakufa, litajibu faili la core, yaani nakala ya kumbukumbu iliyobaki baada ya kifo.

Core ina somo lake. Ukiifungua utasoma karibu kila kitu: programu ilikuwa wapi, ilifikaje pale, kigeu kipi kilibeba thamani gani. Ukiiamuru iendelee, GDB itakwambia hakuna programu inayoendeshwa. Basi. Marehemu baba yangu aliacha daftari la madeni ya duka. Najua nani alikopa sukari na lini. Kwa nini alimkopesha yuleyule mtu ambaye hakuwahi kulipa, hilo sitalijua, na nimeacha kulitafuta.

Ila ninachokipenda zaidi ni kituo. Nikitaka programu isimame kwenye mstari fulani, GDB huingia kwenye kumbukumbu ya mchakato na kubadilisha kitu. Kwa prosesa za familia ya Intel, inaitoa baiti moja ya agizo lililokuwepo, inaihifadhi pembeni, na mahali pake inapachika baiti yenye thamani 204, ambayo kwa prosesa hiyo ni amri ya kunasa. Programu ikifika pale inanaswa, kerneli inaijulisha dibaga. Hapo ndipo adabu inapoanza. Kielekezi cha agizo kimeshavuka ile baiti, kwa hiyo GDB inakirudisha nyuma kwa moja. Inairejesha baiti ya asili, inaipigisha programu hatua moja, inaipachika 204 upya, ndipo inaiacha iende zake. Na nikiomba kusoma kumbukumbu ya mahali hapohapo, sionyeshwi 204, naonyeshwa baiti ya mwenyewe. Dibaga inakumbuka ilipokanyaga, na haigeuzi nyayo zake kuwa ushahidi.

Nimekaa kwenye kikao cha ofisi moja, jina tuliache, kilichoitwa kwa sababu mfumo wa malipo ulikwama usiku. Kijana aliyekuwa zamu aliulizwa na wakubwa kadhaa kwa mpigo. Hajamaliza kujibu la kwanza, la tatu limeshafika. Alianza kujikanyaga. Mmoja wao akageukia wenzake: "Mnamwona? Anababaika, kuna kitu anaficha." Kubabaika kule kukaingizwa kwenye muhtasari wa kikao. Ile ilikuwa 204 yao wenyewe, waliyoipachika kwa mikono yao, kisha wakaisoma kama hitilafu ya kijana.

Linux isingewaruhusu. Mchakato mmoja hufuatiliwa na mfuatiliaji mmoja kwa wakati. Wa pili akija anakataliwa. Tena haitoshi kutaka. Kwenye Ubuntu, kwa kawaida mchakato mzazi ndio unaoruhusiwa kumfuatilia mtoto wake. Jirani tu, hata wa mtumiaji yuleyule, anazuiwa asipopewa idhini au asipokuwa na mamlaka ya msimamizi mkuu. Sababu ni wazi: mlango unaosoma kigeu kilichoharibika husoma pia nywila.

Sisemi dibaga haina lawama. Zipo hitilafu, hasa za nyuzi zinazogombania kumbukumbu, ambazo hutoweka ukizishikia dibaga na kurudi ukigeuza kisogo, kwa sababu mwendo wa programu umebadilika. Mhojiwa yeyote hubadilika kidogo akishikwa. Hilo halina dawa kamili.

Turudi kwenye waya. GDB ikitaka rejista za kifaa cha mbali hutuma $g#67. Herufi g ndiyo ombi, na 67 ni hesabu ya kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Kifaa kikipewa ombi kisilolijua, hujibu $#00: ujumbe mtupu, ndani hamna kitu. Hakiombi radhi, hakibuni jibu. GDB ikiomba kwa Z0 kwamba kifaa kiweke kituo chenyewe, ikapata jibu tupu, haigombi; inakwenda kuandika kumbukumbu kwa mkono wake. Ndiyo maana kifaa chenye uwezo mdogo sana kinaweza kuhojiwa na dibaga hii kubwa. Kinachotakiwa ni kijue maombi machache ya msingi na kiwe mkweli kwa mengine. Kwangu mimi jibu hilo tupu ndilo nguzo ya kweli ya mpango mzima. Makazini kwetu "silijui hilo" linahesabiwa aibu, kwa hiyo mtu hujibu chochote, na aliyeuliza anaondoka kujenga juu ya chochote hicho.

Kama unaanza kazi hii, usiizoee dibaga kama vitufe vya kubonyeza tu. Endesha programu yako chini ya gdbserver, yaani programu ndogo inayojibu maombi ya GDB kwa upande wa chini, iunganishe na GDB, andika set debug remote 1, kisha kaa uyatazame maombi na majibu yakipita moja baada ya jingine. Na ukishajua ulichotaka kujua, andika detach kabla ya kutoka. Ukifunga bila kuachilia, programu iliyoanzishwa chini ya gdbserver itauawa.