Treni ya tisa

Nimeitazama One Life mara mbili, na mara zote mbili watu wamelia pale studioni, Anthony Hopkins akiwa mzee Nicholas Winton, anapogundua kuwa waliokaa kumzunguka ndio wale watoto aliowaokoa. Mimi nililia mapema zaidi, tena kwenye makaratasi.

Winton hakuwa na kiwanda kama Schindler. Alikuwa dalali wa hisa wa London. Kila mtoto wa kutoka Prague alihitaji viza, familia ya kumpokea Uingereza, na dhamana ya pauni 50. Mama yake naye akaingia kazini, akawaganda maofisa. Fomu, picha, muhuri. Kwa hizo fomu walivuka watoto 669, wengi wao Wayahudi.

Sasa mimi, huu mwaka wa sita, kazi yangu ni kupokea fomu dirishani. Wiki ileile nilimrudisha bibi mmoja kwa sababu picha zake za pasipoti saizi zilipigwa kwenye kitambaa cheupe badala ya cha bluu.

“Mjukuu wangu, natoka mbali.”

“Bibi, ndiyo utaratibu.”

Na kweli ndiyo utaratibu. Sifananishi, jamani.

Treni ya tisa ilipangwa kuondoka tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland. Ilikuwa ibebe watoto kama 250. Haikuondoka. Mzee Winton wa kwenye filamu hata hao 669 hawampi usingizi. Anawawaza hao wa treni ya tisa.

Bibi yule hajarudi. Asubuhi nikifungua dirisha, naangalia foleni kwanza.