ZAMU YA USIKU, SEHEMU YA 14: Treni ya maboksi na betri ya saa

Leo niko off, tuongelee treni kidogo.

Mtoto wa dada yangu, darasa la sita, amejenga stesheni ya Arusha kwa maboksi, na nyuma yake Mlima Meru wa magazeti na gundi. Reli ilifika hapa kutoka Moshi mwaka 1929, na treni ya abiria ilirudi 2020 baada ya kimya cha miaka mingi. Sasa anataka ya kwake isafiri usiku kama ile ya Dar. "Mamdogo, naomba taa."

Njia rahisi ni betri ya saa, ile bapa kama sarafu. Unaibana katikati ya miguu ya taa ya LED, inawaka. Nimekataa. Ana mdogo wake wa miaka miwili, na kila kitu kwake ni chakula.

Jamani, betri hiyo ikikwama kwenye njia ya chakula, umeme wake ukikutana na mate hutengeneza kemikali kali kama ile soda ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili inaweza kuunguza vibaya. Hata iliyoisha nguvu bado inaunguza. Na mtoto anaweza kuonekana ana mafua tu: udenda, kikohozi, kukataa kula.

Ukihisi kameza, usimtapishe wala usingoje choo. Nenda hospitali yenye eksirei saa hiyohiyo. Kama amezidi mwaka mmoja na anameza, mpe njiani vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi. Asali isikucheleweshe. Chini ya mwaka mmoja, usimpe.

Sisi tumetumia adapta ya king'amuzi kilichokufa, volti 12. LED nyeupe inakula kama volti 3, kwa hiyo kila taa ina rezista yake ya omu 1,000. Mwanga ni hafifu, na ndivyo inavyotakiwa. Usiku hauhitaji mwanga mwingi. Hata wodini tunapunguza taa, tunabakiza ya kumwona mgonjwa. Taa mbili stesheni, moja kichwani mwa treni, mlima ubaki giza. Inapendeza balaa!

Kabla hujalala, kagua rimoti, kadi zinazoimba na midoli inayowaka. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, piga gundi ya karatasi au weka juu kabisa. Mtumie na dada wa kazi ujumbe huu.