Doa Lisilotoka kwa Mswaki

Kabla ya adhana ya alfajiri, Bibi alikuwa ameshatafuna ncha ya kijiti chake cha mswaki mpaka imechanuka nyuzi. Akimaliza meno, huhamia kwenye ulimi: anausugua taratibu kutoka nyuma kuja mbele, anatema, anasukutua. Utotoni nilidhani ni sehemu ya udhu. Ukubwani ndipo nilipojua kuwa ule utando mweupe ni mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria wanaojibanza kati ya vinundu vya ulimi, na kwamba harufu mbaya ya kinywa mara nyingi huanzia humo.

Baada ya kahawa, kijaluba kilifunguliwa. Jani la tambuu, chokaa, popoo, na tumbaku kidogo. Shavu la kushoto likatuna mpaka adhuhuri.

Siku moja akaniita uani. "Mjukuu wangu, hebu nitazamie. Kuna kitu nakisugua hakitoki."

Niliwasha tochi ya simu. Ubavuni mwa ulimi, upande uleule wa kushoto, palikuwa na baka jeupe. Alikuwa nalo miezi kadhaa. Halimuumi, kwa hiyo hakumwambia mtu. Nilishikwa na uchungu ambao mpaka leo haujaniisha: ulimi ule umenisimulia hadithi zote nizijuazo, umeniombea dua usiku wa mitihani, na mimi sikuwahi kuutazama hata mara moja.

Daktari wa kinywa na meno aliuliza habari za tambuu kwanza. Kisha akajaribu kulifuta baka kwa kitambaa. Utando wa fangasi, alisema, mara nyingi hufutika na kuacha nyama nyekundu chini yake. Usiofutika ni jambo jingine: huenda usiwe na madhara, huenda saratani imeanza kujijenga, na jicho peke yake haliwezi kuamua. Akakata kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Akaeleza kuwa mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulichapisha ripoti kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Bibi alisikiliza kimya. Kwake tambuu ilikuwa arusi, ilikuwa heshima ya mgeni, ilikuwa mkono wa marehemu mama yake ukikunja jani.

Tangu hapo natazama ndimi za watu wangu. Uliopauka huweza kuashiria upungufu wa damu. Uliokuwa laini, mwekundu, unaowaka ukila pilipili, huenda mwili umepungukiwa madini ya chuma au vitamini B12. Wenye mabaka kama ramani, yanayohamahama, kwa kawaida hauna neno, na natamani kina mama wanaokosa usingizi kwa ajili yake wangeambiwa hivyo mapema. Lakini kidonda kisichopona kwa wiki 2 hakingojewi, kiume kisiume.

Majibu ya Bibi yalirudi: si saratani, ila achunguzwe mara kwa mara na aache tambuu. Kijaluba kimeoshwa, sasa kina sindano na nyuzi. Kila Ijumaa baada ya chakula hukaa barazani akielekea mwangaza, akatoa ulimi, nami nikainama.

"Unaona nini?"

"Lipo, Bibi. Halijakua."