Kibodi moja, nyumba tatu: yaliyonikuta Kua

Haya wadau, nimerudi kibarazani. Kwanza niombe radhi kwa ukimya. Wengine mlishaanza kuniuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Majibu ni hapana kwa yote mawili. Kulikuwa na kisa ambacho niliahidi kutokisimulia mpaka mwenyewe aniruhusu, na mwezi uliopita ameniruhusu. Kaeni mkao wa kusoma.

Wanaonijua wanaujua mkoba wangu. Ndani yake kuna kompyuta mpakato ya kuandikia habari, kishikwambi cha kusomea nyaraka, na simu, ambayo kwa mwandishi wa gazeti ndiyo ofisi yenyewe. Vitu vitatu, mikono miwili. Kwa muda mrefu nilikuwa naandika kwenye kompyuta, naiacha, nashika simu na kudonoa kwa vidole gumba kama kuku anayekula mtama, kisha narudi kwenye kompyuta nikiwa nimeshasahau sentensi ilikuwa inaelekea wapi.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani. Kwenye vyumba vya seva mafundi wanatumia kisanduku kiitwacho KVM: kibodi moja, skrini moja na kipanya kimoja, unabonyeza swichi unahamia mashine nyingine. Mwaka 2001 Chris Schoeneman akatoa programu ya Synergy, ambayo haihitaji kisanduku. Unasukuma mshale wa kipanya mpaka ukingo wa skrini, unavuka kama mtu anayeruka ua, unatokea kwenye kompyuta ya jirani, na kila unachobonyeza kinasafirishwa kwa mtandao wa humo ndani. Microsoft wakaja na Mouse without Borders mwaka 2011, na Apple wakaruhusu kibodi ya Mac iandike kwenye iPad mwaka 2022. Katikati hapo zikaingia kibodi za Bluetooth zinazokariri vifaa vitatu. Logitech K480 ya mwaka 2014, kwa mfano, ina kidude cha duara unachozungusha kuchagua kifaa.

Mimi nilinunua ya aina hiyo, ya kampuni nyingine, isiyozidi urefu wa rula. Ina vitufe vitatu juu kushoto. Moja, kompyuta. Mbili, simu. Tatu, kishikwambi. Haihitaji intaneti wala bando, inaongea na kifaa kilicho karibu kwa mawimbi ya redio, mita kama 10 hivi. Ukibonyeza mbili, kataa kinawaka mara chache kisha kinazima. Baada ya hapo kibodi haikwambii chochote. Haina skrini. Inaandika pale ulipoiambia mara ya mwisho, uwe unakumbuka au umesahau. Shikeni hilo, tutarudi.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mafia. Nilivuka kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, nikalala, asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Utende, na kutoka pale mashua ikanipitisha jirani na Chole hadi Juani. Nilikuwa nafuata magofu ya Kua. Wengi wetu tukisikia magofu ya pwani tunawaza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kua hailipuliwi matarumbeta hayo. Ni mji wa mawe ya matumbawe uliotulia kichakani, na mibuyu imeota ndani ya nyumba za watu. Kuna misikiti, makaburi, na jumba ambalo kuta zake bado zinakuonyesha kwamba mwenyewe hakuwa mtu wa hivi hivi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagascar waliuvamia, wakaua na kuchukua watu mateka, na mji haukuinuka tena.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja wa Juani. Jina nalibakiza moyoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuona mawe au umekuja kusikia?"

Nikamwambia vyote. Akanizungusha taratibu, kisha tukakaa chini ya mbuyu. Mpakato nikauweka juu ya jiwe, simu nikailaza kifudifudi pembeni, kibodi mapajani. Kabla hajaanza, mtandao ulichungulia kidogo, nikaona ujumbe kwenye kundi la chumba cha habari: umefika? Nikabonyeza mbili, nikaandika "Nimefika Kua, naanza mahojiano", nikapiga Enta. Halafu nikamgeukia mzee.

Mmeshaona kilichotokea, eti? Mimi sikuona. Sikubonyeza moja.

Nina tabia ninayojivunia, ya kuandika bila kutazama skrini. Namtazama mtu usoni, vidole vinafanya kazi yake. Mzee akaanza na hadithi inayosimuliwa pale, ya Kua na Kisimani. Watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, walikuwa na jahazi jipya, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Sherehe ilipokolea wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, jahazi likapitishwa juu yao. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani kwenye harusi, wakawaingiza chumba cha chini, chakula kikaja, mazungumzo yakanoga. Wenyeji wakachomoka mmoja mmoja mpaka akabaki mzee mmoja tu akiwazungumzisha wageni. Mlango ukazibwa kwa mawe, na yeye yumo ndani.

Nikamuuliza, basi kwa kuendeleza mazungumzo, kama watu bado wanachukua mawe ya hapa kujengea. Akanyamaza. Akaangalia ukuta ulioanguka. Akasema yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alibeba mawe ya Kua kichwani, safari baada ya safari, baba yake alipokuwa anajenga. Siku zile hakuna aliyewaambia kitu. Moja lilikuwa limechongwa nakshi, baba akalipenda, akaliweka kwenye kizingiti cha mlango. Lipo mpaka leo. Kila asubuhi analivuka. Anatamani kulirudisha, lakini anaogopa atakayemwona ataona mwizi, wala si mtu anayerudisha. Vidole vyangu vikawa vinakwenda, Enta kwa kila aya.

Kisha akasema, "Mwanangu, hilo la jiwe ni langu na lako. Usilitie gazetini."

"Sawa babu." Nikaandika na hilo pia: Amesema la jiwe lisiandikwe. Nikapiga Enta.

Nilipoinamisha macho kwenye kompyuta, ukurasa ulikuwa mweupe. Hakuna hata herufi moja. Nikadhani mashine imeganda. Halafu tumbo likanikata, maana nilikumbuka kitufe cha mbili. Nikaigeuza simu.

Yote yalikuwa kwenye kundi la chumba cha habari. Hadithi ya Kisimani, baba, mawe, nakshi, kizingiti. Jumbe nne zilikuwa na tiki. Ya tano ilikuwa na alama ya saa, imekwama, kwa sababu mtandao ulikuwa umeshaondoka. Ya tano ndiyo ile iliyosema lisiandikwe.

Yaani ungamo lilifika, sharti lake likabaki kisiwani.

Nikabonyeza futa kwa wote. Bila mtandao hakuna kilichofutika. Mzee akaniuliza kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani. Nikasema mtandao tu unasumbua. Huo ulikuwa uongo wa kwanza na ninaujutia mpaka leo, kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli palepale na nilichagua kuaga.

Mashua ilipokaribia Chole, simu ikaanza kutetemeka. Mhariri alikuwa ameshaandika: "Hiyo ya jiwe ndiyo habari. Pata picha ya kizingiti." Kisha akapiga. Nikamweleza. Akasikiliza, akanijibu kitu ambacho kila aliyesomea uandishi anakijua: sharti hutangulia, halifuati. Mtu akishasema ndipo akakumbuka kukataza, mwandishi hafungwi. Na akaongeza kwamba kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda majengo ya kabla ya 1863, kwa hiyo hili si la porojo za kijiweni, ni jambo la umma.

Wadau, kitaaluma alikuwa na hoja. Mimi mwenyewe ningemtetea darasani. Lakini kanuni ile inadhani pande zote mbili zinaujua mchezo. Waziri anaijua. Msemaji wa kampuni anaijua. Mzee wa Juani hakuingia kwenye mahojiano, aliingia kwenye mazungumzo na kijana aliyemwamkia shikamoo. Nami nilisema "sawa babu". Nikamwambia mhariri kwamba neno hilo nimelitoa mimi, na jina la juu ya habari litakuwa langu. Tukavutana mpaka nikashuka Utende. Mwisho akasema, "Andika magofu. Jiwe liache. Ila siku nyingine usiniletee chakula halafu uniambie nisile."

Nikafuta jumbe zote. Pale zilipokuwa pakabaki maneno kwamba ujumbe umefutwa. Lakini kundi lile lina watu kumi na nne, na macho ya watu hayana kitufe cha kufuta.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda mashua tena, bila kompyuta, bila kibodi. Nikamkuta mzee nyumbani kwake, nikakaa barazani. Mlango ulikuwa wazi, nikajilazimisha nisitazame chini. Nikamweleza kila kitu: kitufe, simu, ofisi, watu kumi na nne, na uongo wangu wa mtandao.

Akaomba nimwonyeshe hiyo kibodi. Nikamwambia nimeiacha Utende. Akacheka kidogo, si cheko la furaha.

"Kumbe jana nilikuwa nazungumza na nyumba tatu, nikadhani nazungumza na moja."

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Yule mzee wa Kua aliyebaki na wageni, aliujua mlango uliofungwa na uliowazi. Wewe mwanangu, milango yako huijui." Kisha akamwambia mjukuu alete chai. Nikanywa. Kwa desturi zetu ile chai ilikuwa na maana, lakini sikujipa uhakika kwamba nimesamehewa.

Habari ilitoka, ya magofu, nusu ukurasa. Hakuna aliyeipigia makofi. Pale ofisini kuna mwenzangu mmoja ambaye kwa wiki nzima alikuwa akinisalimia "habari za kizingiti". Hivyo siri ile nilivyoirudisha haikurudi nzima.

Sasa, kibodi bado ninayo. Kosa lilikuwa langu, si lake, na bado inaniokolea muda. Ila nimejiwekea utaratibu, na yeyote anayetumia kitu cha namna hii, iwe kibodi ya vitufe vitatu au programu ya kuvusha kipanya, naomba auchukue. Kwanza, kabla ya sentensi ya kwanza naandika neno moja la upuuzi, "embe", na nahakikisha kwa macho limetokea wapi. Pili, kwenye simu nimezima ile mipangilio inayofanya Enta itume ujumbe. Tatu, nikiwa na mtu anayenieleza mambo yake, simu nimeitoa kabisa kwenye kibodi. Inabaki nyumba moja. Na nne, ambayo haihusu mashine: mtu akianza kunielekea na jambo zito namsimamisha, namweleza nani atasikia, ndipo aamue. Sharti litangulie, ndiyo, lakini kazi ya kulitanguliza ni yangu mimi ninayeijua kanuni.

Mwezi uliopita simu iliita, namba ya mjukuu. Mzee mwenyewe akachukua.

"Mwanangu, lile jiwe limerudi."

Akanieleza kwamba alfajiri moja, maji yakiwa yamejaa, yeye na mjukuu walilipakia kwenye mtumbwi na kulipeleka chini ya ule ukuta. Kizingiti wametia saruji. Nikamuuliza kama kuna aliyewaona.

"Tumeonana na popo tu," akasema. "Sasa andika. Jina usitaje. Na kabla ya kuandika, tazama unaandikia wapi."

Nimetazama, babu. Nimeandika "embe" kwanza, ikatokea hapa hapa.

Alamsiki wadau.